Nimeonja, Shuka Salama

Habari kwamba Raya ana mimba ilifika jukwaani, kwa wapiga mbizi wa mwani, kabla ya Raya mwenyewe. Na haikufika mbichi. Ilifika imeshaungwa kwa nazi na pilipili: mumewe Faki yuko kwenye meli za kukokota barafu huko kusini ya dunia, mwaka wa pili huu hajatia mguu Pemba, sasa hesabuni wenyewe.

"Jumatatu katapika," alisema Mgeni, huku akijivutia suti yake ya mpira mapajani. "Jumanne analia kichwa. Jana ndiyo mmemwona, katoka majini anapepesuka, anacheka peke yake. Mimi nimezaa saba. Mimba hainifichiki."

"Labda Faki kampulizia kwa simu!" akadakia mwingine, na wanawake wakaangua kicheko kilichowarusha shakwe kwenye nguzo za jukwaa. Hakucheka Bikombo tu, mwenyekiti wao na mama yake Raya, aliyekuwa amewapa mgongo akinoa kisu cha kukatia mwani ambacho kilikwisha kunoleka tangu zamani.

Shinuna Pandu alicheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha heshima chini ya turubai, kapu lake miguuni, na umbea kwake ulikuwa kama chai ya asubuhi, bila huo siku haianzi. Raya ni binti wa marehemu kaka yake, damu yake kabisa, lakini mzaha ukikolea hauulizi ukoo.

"Ila ni kweli hewa ya kusi hii mbaya," Mgeni akaendelea. "Hata mimi jana kichwa kiliniwanga hivyo hivyo. Nimefika nyumbani mchuzi nausikia kama maji ya bomba."

"Basi na wewe unayo, bibi! Mtafutieni mkeka alale!"

Kicheko kingine. Mgeni alikuwa na miaka sitini na moja. Safari hii Shinuna alifungua kinywa ili acheke na wenzake, na kicheko kikamkwama kooni kama mwiba wa changu. Mimba haiambukizi. Wanawake wawili, kichwa kimoja, wiki moja, na mitungi yao ya hewa hujazwa mahali pamoja.

Akaitazama ile mitungi.

Ilikuwa kumi na minne, imepangwa kwenye chanja, kila mmoja na lakiri ya bluu shingoni na taa ndogo juu ya koki. Tangu bahari ipate joto na mwani wa maji mafupi ukaoza wote, shamba lilihamia chini, mita thelathini na tano, na huko hakuna mwanamke anayefika kwa kubana pumzi. Asubuhi kila mmoja huweka kiganja chake juu ya mtungi. Taa huwaka kijani, na mtungi husema kwa sauti nene, ya upole, yenye kikohozi kidogo mwanzoni:

"Nimeonja. Shuka salama."

Naye mpiga mbizi hujibu: "Nimepokea."

Sauti hiyo ilikuwa ya Shinuna. Kwa miaka ishirini alikuwa yeye mwenyewe, mwonjaji wa kikundi, kama mama yake kabla yake. Alivuta pumzi tatu kutoka kila mtungi mbele ya macho ya watu, akafumba macho, akanusa, akameza, kisha akatamka maneno yale na kumkabidhi mwenyewe. Sharti la mila lilikuwa moja: mtu akiwa na shaka anasema "Onja tena," na mwonjaji hana ruhusa ya kukataa. Halafu ikaja Kampuni ya Kina na mashine yake. Walimfunga nyaya kichwani na puani siku tisa, wakamwonjesha hewa mbovu na nzuri, wakarekodi hata kikohozi chake. Wakamwambia kwamba pua yake sasa itaishi ndani ya kila mtungi wa pwani nzima. Wanawake waliibatiza mashine Shinuna wa Mtungini, na Shinuna wa kitini akapewa kiti.

Boti ya pili ikafunga kamba. Raya akapanda, mtandio umemshuka hadi machoni. Alipita mbele ya mama yake. Mama hakuinua uso.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kichwa?"

"Kimepoa."

"Uongo."

"Hata kama hakijapoa nashuka," Raya akasema kwa sauti ya chini iliyotetemeka kwa hasira. "Jana mama kanitoa nje ya nyumba mbele ya majirani, kaniita jina ambalo sitalirudia. Nisiposhuka leo, wataenda kuninunulia na nepi."

Shinuna akanyanyuka, akachukua kapu.

"Unaenda wapi, wifi?" Bikombo akauliza bila kugeuka. "Mitungi imeshaonjwa."

"Naenda kuuliza na nani."

*

Chumba cha kujazia kilikuwa nyuma ya jukwaa. Shinuna alisimama kabla ya kufika mlangoni kwa sababu alisikia mngurumo ambao haukupaswa kuwepo. Kompresa ya Kampuni huendeshwa na jua. Lakini juu ya paa sahani za jua zilikuwa zimepigwa ukoko mweupe wa chumvi, hakuna aliyeziosha, na ukutani palikuwa na jenereta ya dizeli, kuukuu, inakohoa. Bomba lake la moshi lilielekea baharini. Hatua mbili kutoka hapo ulining'inia mpira wa kompresa wa kufyonzea hewa. Upepo ulikuwa unatoka baharini.

Hakuhitaji mhandisi amfafanulie. Jenereta inapumua, kompresa inavuta pumzi ile ile, inaibana mara mia mbili, inaitia mtungini.

Mitungi miwili ya akiba ilikuwa imeegemezwa ukutani. Shinuna akaangaza kushoto na kulia, akatia mkono chini ya kanga kapuni, akatoa kitu ambacho hakuna mwanamke wa Pemba aliyewahi kukiona mikononi mwake: kipimo cha manjano, kikubwa kama kipande cha sabuni, kimefungwa mpira wa kandambili mahali kilipopasuka. Alifungua koki kidogo sana, hewa ikatoka kama mnong'ono, akakielekeza kipimo. Oksijeni, ishirini na moja kwa mia, sawasawa. Kisha akabonyeza kitufe cha pili, cha monoksidi, ule moshi usio na rangi wala harufu, unaoua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa.

Namba haipaswi kuvuka tano kwa milioni. Ilipita tano kama haikuiona. Ikasimama kwenye tisini na mbili.

Aliweka kiganja juu ya mtungi. Taa ikawaka kijani. "Nimeonja," ikasema sauti yake. "Shuka salama."

Nywele zilimsimama. Si kwa woga. Kuna hasira inayoanzia kwenye nyayo, na hii ndiyo ilianzia huko.

"Bi Shinuna, lakiri hiyo si ya kuguswa."

Injinia Mbaruku alikuwa mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi ya kisu, kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa kijana wa mjini mwenye adabu nyingi. Ndiye aliyemfunga zile nyaya.

"Tisini na mbili," Shinuna akasema.

Injinia hakujifanya haelewi, na hilo lilimuudhi Shinuna zaidi. "Ni kwa muda tu, mama yangu. Sahani za jua zikisafishwa tunazima jenereta. Taa ilikuwa inawaka nyekundu kila siku, kazi imesimama. Makao makuu wakapandisha kikomo mpaka mia moja."

"Mita thelathini na tano maji yanakamua hewa mara nne na nusu. Hiyo tisini na mbili huko chini inakuwa mia nne na zaidi. Mtu anavuta mia nne, anakata mwani, anabeba magunia, saa nzima. Akilegea huko chini nani anamwokota?"

"Bado hajalegea mtu."

"Bado!" Shinuna akalirudisha lile neno kama mtu anayetema kokwa. "Raya anapepesuka tangu jana. Mnangoja kaburi ndiyo muoshe sahani? Na makao makuu wakipandisha kikomo, mbona hawasemi kwa mdomo wao? Mbona wanasema kwa wangu?"

Mbaruku alishusha kikombe. "Tuongee kwa heshima. Ukivunja lakiri hata moja, leseni ya kikundi ya kushuka kina inafutwa, iko kwenye mkataba. Mwani umekomaa, siku nne nyingine unaoza chini. Wenzako watakulaumu wewe."

"Wanilaumu. Nitawaambia wasishuke."

"Utawaambia pua yako imesikia nini?" Akatabasamu kwa huruma, na ile huruma ilikuwa mbaya kuliko tusi. "Zile siku tisa, Bi Shinuna, mashine haikujifunza kitu kutoka puani mwako. Hewa yenye monoksidi na isiyo nayo uliziita zote tamu. Si kosa lako, hakuna pua ya binadamu inayoweza. Tukajiuliza, sasa huyu bibi ameendaje miaka ishirini bila maiti? Ndipo tukaona kilichomo kapuni. Tukanyamaza. Kwa heshima yako."

Shinuna akakishika kipimo kifuani kama mtu aliyekutwa hana nguo.

"Tulichohitaji," Injinia akamalizia, "ni sauti tu."

*

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulikuwa na historia yake.

Mama yake alionja kwa pua, akiamini. Mwaka alioacha kazi, mzamiaji mmoja mstaafu wa jeshi alileta vipimo kama kile cha manjano, akawapa kikundi bure. Wanawake walivikataa. Chuma hakina mtoto majini, walisema. Tunamtaka mtu atie pumzi yake kwanza. Shinuna alichukua kimoja kisirisiri. Kila asubuhi alijifungia chumba cha kujazia, akapima mtungi mmoja mmoja, uliokuwa mbovu akaumwaga, ndipo akatoka nje kwenda kufumba macho na kunusa. Alifanya hivyo ili wapone. Hilo lilikuwa kweli mwaka wa kwanza. Mwaka wa tano alikuwa amezoea sahani ya kwanza ya pilau kwenye kila harusi, na watoto kupewa jina lake, na watu kusema pua ya Shinuna ina baraka. Mtu haachi vitu kama hivyo kwa hiari.

Aliporudi jukwaani wanawake walikwisha kuvaa. Raya alikuwa tayari ukingoni, mtungi mgongoni, miguu imening'inia majini.

"Vueni!" Shinuna akapaza sauti. "Vueni mitungi yote. Hashuki mtu."

"Haya tena," akasema Mgeni. "Kuna nini?"

"Hewa ina moshi wa jenereta."

Wakaitazama mitungi yao. Mmoja akaweka kiganja. Kijani. Nimeonja, shuka salama. Kidogo wacheke: Shinuna amesimama pale akikataa, na Shinuna yuko mgongoni mwao akikubali, na wa mgongoni alikuwa mtulivu zaidi.

"Wifi," Bikombo akasema, "si wewe mwenyewe huyo unayesema?"

"Si mimi!"

"Basi onja tena. Si ndiyo mila?"

Kabla hajajibu, Injinia Mbaruku alishatokea. Hakukimbia wala hakufoka. Aliukunja mkono wa shati lake, akainama kando ya Raya, akauchukua mdomo wa mpira wa mtungi wake, akauweka kinywani. Pumzi moja. Mbili. Tatu. Wanawake walihesabu kimoyomoyo. Alivuta kumi. Akafumba macho kama alivyokuwa akifumba Shinuna, akameza, akautoa.

"Nimeonja," akasema. "Tamu."

Ukapita mnong'ono wa kuridhika. Mtu wa elimu, mtu wa mjini, katia pumzi yake! Raya akaurudisha ule mdomo wa mpira kinywani na kuvuta miwani usoni. Shinuna aliona vidole vyake vikikosa mkanda wa miwani, vikajaribu tena, vikakosa. Vidole vya msichana anayesuka ukili gizani bila kupoteza njia.

Palepale alielewa kwamba mlango uliobaki ni mmoja, na ukitokea huko hurudi tena.

"Kuonja ni bure!" akalia. "Mnanisikia? Kuonja ni mchezo! Hata mimi nilikuwa siwezi!"

Hata Injinia hakulitegemea hilo.

"Moshi huu hauna harufu. Huku juu ukivuta pumzi kumi hufi wala huumwi, yeye anajua, ndiyo maana kavuta bila wasiwasi. Mwambieni avae mtungi ashuke nao chini saa nzima. Mwambieni! Huko chini ndiyo unakuwa jiko la mkaa chumbani. Pua yangu haijui, pua ya mama yangu haikujua, hakuna pua inayojua." Akakitoa kipimo, akakiinua juu ili wote waone. "Ni hiki kilikuwa kinajua. Miaka ishirini. Nilikuwa napima mlango umefungwa, halafu natoka kuja kuwachezea ngoma hapa na macho nimefumba."

Bikombo akamwendea polepole, kisu cha mwani bado mkononi. "Rudia."

"Nimewadanganya, wifi."

"Mbona ulikifanya siri?"

"Mwanzo kwa kuwa mngekitupa baharini. Baadaye kwa kuwa nilipenda pilau." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, alikuwa na hasira mno hata asiyajali. "Mngekuwa mmezoea kuiona namba, huyu asingeweza kuwauzia sauti. Nimemwachia mlango wazi, kaingia. Sasa nitukaneni, nastahili kutukanwa, lakini mtoeni kwanza yule mtoto majini!"

Alimshika Raya bega kwa mkono mmoja, kwa mwingine akafungua koki ya mtungi wake kidogo, akatega kipimo, akamgeuzia Bikombo kioo. Namba ikapanda. Tisini na tisa.

"Isizidi tano," Shinuna akasema. "Ndiyo maana katapika. Ndiyo maana Mgeni hausikii mchuzi. Hana mimba, Bikombo. Ana moshi."

Bikombo aliitazama ile namba. Uso wake ulipita kwenye mambo mengi, na la mwisho halikuwa la Shinuna wala la Injinia. "Mimi," akasema, kisha akaanza upya, "mimi jana nimemtoa mwanangu nje. Nimemwita malaya. Kwa hewa?"

Mgeni alikuwa akiyatazama maji kana kwamba ameangusha kitu humo.

Raya akautoa mdomo wa mpira kinywani, akaacha mtungi umteleze mgongoni, ukagonga mbao kwa kishindo. Hakumtazama mama yake. Akanyoosha mkono, mama akampa kisu bila kuulizwa, na Raya akapitisha ncha chini ya lakiri ya bluu.

"Dada, fikiria!" Mbaruku akapiga kelele, adabu yote ilikuwa imemtoka. "Ni leseni ya watu wote hiyo! Shamba lote! Bi Mwenyekiti, mzuie binti yako!"

"Mzuie wewe," akasema Bikombo. "Lakini kwanza vaa mtungi ushuke. Nitakuvalisha mwenyewe. Saa moja tu, shekhe, si umeonja?"

Injinia aliutazama mtungi. Watu kumi na watano walimwona anavyoutazama. Akarudi nyuma hatua moja, na ile hatua moja iliwatosha kuliko namba.

Lakiri ikakatika. Raya akafungua koki yote, hewa ikalipuka kwa kilio kirefu. Mgeni akafuata kwa meno yake mwenyewe, akilaani. Kisha wote. Hewa ya mitungi kumi na minne ilipiga ukelele mmoja uliofunika bahari, na katikati yake, kwa kuwa viganja vyao vilikuwa juu ya mitungi, sauti ile ya upole ikawa inarudia na kurudia, hapa na pale, kikohozi kidogo mwanzoni: nimeonja, nimeonja, shuka salama, nimeonja.

Mbaruku alikuwa ameshaingia kwenye boti yake, simu sikioni. Mwani ulikuwa chini, umekomaa, na zilibaki siku nne. Leseni labda ilikuwa inafutwa muda ule ule. Kila mmoja alilijua hilo, na hakuna aliyefunga koki.

Ukelele ulipokwisha Bikombo akamgeukia Shinuna. Shinuna akanyoosha shingo kidogo, kama anayengoja kofi, na pengine alilitaka.

"Usidhani nimekusamehe," Bikombo akasema. "Ukija kwenye harusi utakula na watoto, sahani ya mwisho. Na kile kiti nakitupa majini." Akatandaza kiganja. "Lete hicho kidude. Kinasomwaje?"

"Kitufe cha juu oksijeni. Cha chini ndiyo cha moshi. Unangoja namba isimame."

"Si mimi unayenifundisha. Mfundishe yeye kwanza." Akamwashiria Raya kwa kidevu, hakuthubutu bado kumwita kwa jina. "Halafu Mgeni. Halafu wote. Hapokei mtu tena hewa ambayo hakuipima mwenyewe."

Wanawake wawili walikwenda nyuma, wakazima jenereta, wakapanda paani na ndoo ya maji matamu na brashi. Raya alikaa chini kwenye mbao, bado amepauka, kipimo mapajani. Akauvuta mtungi mmoja uliobaki na hewa kidogo, akafungua koki, akasubiri. Wanawake wakamzunguka, wakainama, vichwa vikagongana.

"Tisini na saba," Raya akasoma kwa sauti, polepole. "Mbovu."

Kiganja chake kilikuwa kimegusa chuma. Taa ikawaka kijani.

"Nimeonja," ikasema sauti ya Shinuna. "Shuka salama."

"Muongo," Shinuna akaijibu.